MFASIRI WA VITABU: FUNDI ASIYEONEKANA

Msomaji mpendwa, nakuomba ufanye jambo moja kabla hujaendelea na makala haya. Nenda maktabani, uliza kitabu kiitwacho Shamba la Wanyama, kisha umuulize rafiki yako kimeandikwa na nani. Bila shaka atakujibu upesi, "Si ni George Orwell!" Kweli, Orwell ndiye aliyetunga kisa chenyewe. Lakini Orwell alikuwa Mwingereza, naye alifariki mwaka wa 1950 bila kuandika riwaya hata moja kwa Kiswahili. Basi maneno yale unayoyasoma, ya nguruwe na farasi wanaozungumza Kiswahili utadhani ni majirani wa Mwatate, ni ya nani? Ni ya Fortunatus Kawegere, Mtanzania aliyekifasiri kitabu hicho kikachapishwa mwaka wa 1967. Ni wangapi kati yetu wanaolijua jina hilo?

Nimeamua kuandika juu ya mfasiri kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wetu katika chama hiki tunaipenda lugha, ila tukiulizwa nyumbani lugha italeta ugali mezani vipi, tunabaki kutazamana. Kazi ya daktari tunaijua, ya mwalimu tunaiona kila siku, na ya dereva wa matrela yanayopita hapa Voi usiku na mchana hatuhitaji kuelezwa. Ya mfasiri je? Pili, sisi wa Voi na Taita Taveta kwa jumla tuna haja na kazi hii kuliko tunavyodhani. Nitaeleza kinagaubaga.

MFASIRI NI NANI?

Watu wengi huchanganya mfasiri na mkalimani. Mkalimani hufanya kazi kwa mdomo. Mhubiri akisema sentensi moja kwa Kiingereza, mkalimani aliye kando yake huitoa kwa Kiswahili pale pale, na likishamtoka limemtoka. Mfasiri hufanya kazi kwa maandishi. Ana nafasi ya kufikiri, kufuta na kuanza upya. Lakini nafasi hiyo ina bei yake, kwa maana kosa la mkalimani hupeperuka na upepo, la mfasiri hukaa kitabuni miaka hamsini.

Wako wafasiri walioajiriwa na serikali, na mashirika ya habari au na taasisi za kimataifa. Hao hupokea mshahara kila mwisho wa mwezi. Ninayemzungumzia hapa ni mfasiri wa kujitegemea. Huyu hana bosi mmoja wala ofisi. Leo anafanya riwaya ya mchapishaji huyu, kesho kitabu cha watoto cha mchapishaji yule, na katikati anafasiri vijikaratasi vya afya ili apate pesa ya stima. Ni kama fundi cherehani wa sokoni: kitambaa si chake, wala nguo haitakuwa yake, ila bila mkono wake hakuna nguo.

KAZI YA TANGU ZAMANI

Tusidhani kwamba kufasiri vitabu kwa Kiswahili kulianza juzi. Mmishonari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, alifika Mombasa mwaka wa 1844, na mwaka huo huo akaanza kufasiri kitabu cha Mwanzo. Sura tatu za kwanza zilichapishwa Marekani mwaka wa 1847. Huko Unguja, Edward Steere alitoa kwa Kiswahili hadithi zilizotokana na michezo ya Shakespeare mwaka wa 1867. Katika miaka ya 1920 na 1930, Frederick Johnson na wenzake walifasiri visa vilivyosomwa na babu zetu shuleni, kama vile Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina.

Baada ya uhuru Waafrika wenyewe waliishika kalamu. Mwalimu Julius Nyerere, akiwa rais wa nchi, alipata wakati wa kufasiri mchezo wa Shakespeare uitwao Julius Caesar, ukatoka mwaka wa 1963. Alipourekebisha ukatoka tena mwaka wa 1969, jina lilikuwa Juliasi Kaizari. Mwaka huo huo wa 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Hebu tulitazame jina hilo. Kwa Kiingereza mchezo unamtaja mfanyabiashara wa Venice, mtu mmoja tu. Mwalimu hakuandika "mfanyabiashara". Aliandika "mabepari", tena kwa wingi! Kumbuka kwamba Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa mwaka wa 1967, na neno bepari lilikuwa na makali yake. Kwa neno moja msomaji alikwisha kuambiwa awatazame vipi watu wa mchezo ule. Tunajifunza nini? Kwamba mfasiri si bomba ambalo maji hupita tu. Kila neno analochagua ni uamuzi.

Mfano mwingine ni riwaya ya Chinua Achebe, Things Fall Apart. Clement Ndulute alipoifasiri mwaka wa 1973 iliitwa Shujaa Okonkwo. Jina la Kiingereza linakwambia kwamba mambo yanasambaratika, la Kiswahili linakuelekeza kwa mtu. Lipi bora? Jadilianeni wenyewe katika mkutano wa chama, mimi simo!

THELUJI NA BARIDI

Kisa kimoja kinatuhusu sisi hasa. Mwaka wa 1848 Johannes Rebmann, mwenziwe Krapf, alisafiri kutoka Rabai akapitia Taita kuelekea Uchaga. Tarehe 11 Mei aliona juu ya mlima kitu cheupe kama wingu. Akamuuliza kiongozi wake pale ni nini. Yule kiongozi hakuwa na jina la kitu kile, akamjibu kwamba ni baridi. Rebmann, aliyezaliwa katika nchi ya theluji, akafahamu mara moja kuwa anaitazama theluji ya Kilimanjaro. Wataalamu wengine wa London walipopata habari walibisha miaka mingi, ati theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta.

Jamani, huo ndio ufasiri wenyewe! Yule kiongozi hakudanganya wala hakukosea. Hakuwa na neno la kitu, akatumia neno la kile ambacho kitu hicho humfanyia mwanadamu. Mfasiri wa leo hukutana na jambo hilo kila ukurasa. Lugha moja ina neno, nyingine haina. Afanyeje? Aazime neno la kigeni? Aunde jipya? Au aseme kama yule kiongozi, kwamba ni baridi?

Nitatoa mifano mitatu iliyo karibu nasi zaidi.

Mosi, Kiingereza kina neno moja kwa mpunga wa shambani, mchele wa dukani na wali wa sahanini. Mfasiri akilikuta neno hilo lazima atazame chakula kiko hatua gani. Akilala kidogo, mtu ataonekana anakula mpunga!

Pili, Kiingereza humwita "uncle" kaka yake mama na pia kaka yake baba. Kwetu mmoja ni mjomba na mwingine ni ami, au baba mkubwa na baba mdogo. Tena wako wanaoitwa hivyo kwa heshima tu bila damu kuwahusu. Katika riwaya ya Abdulrazak Gurnah iitwayo Paradise, kijana Yusuf humwita tajiri Aziz kwa neno hilo ilhali si ndugu yake. Mfasiri atachagua lipi? Hapo kamusi haimsaidii, itambidi aisome hadithi yote ndipo aamue.

Tatu, sisi tuna "yeye" mmoja kwa mwanamume na mwanamke. Mfasiri anayetoka Kiingereza kuja Kiswahili hupoteza habari hiyo, hivyo pengine hulazimika kuandika "yule binti" ili msomaji asipotee. Anayetoka Kiswahili kwenda Kiingereza ana taabu kinyume chake. Mtunzi akiwa amemficha mwizi kwa neno "alikuja usiku", mfasiri atamfichaje katika lugha inayotaka kujua kama mwizi ni wa kike au wa kiume?

SIKU YA MFASIRI

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Mfasiri mwenye busara haanzi kuandika siku apewapo kitabu. Kwanza hukisoma chote, mwanzo hadi mwisho, akiandika pembeni majina ya watu, misemo migumu na maneno yatakayorudi mara nyingi. Hutengeneza orodha yake ya istilahi ili neno alilolifasiri hivi katika sura ya kwanza lisigeuke katika sura ya kumi.

Kisha huandika rasimu ya kwanza. Tuchukue kitabu cha maneno 60,000. Akifasiri maneno 1,500 kwa siku, rasimu itamchukua siku 40 za kazi, yaani wiki nane akipumzika Jumamosi na Jumapili. Halafu huanza kurekebisha. Akipitia maneno 3,000 kwa siku, hizo ni siku 20 nyingine, yaani wiki nne. Jumla ni miezi mitatu hivi, na mhariri bado hajarudisha mswada wenye maswali yake. Wengi husoma kwa sauti, kwa sababu sikio hugundua kile ambacho jicho limekizoea. Sentensi ikikwama mdomoni, ujue bado ina lugha ya watu ndani yake.

Vifaa vyake si vingi: tarakilishi, kamusi na subira. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka wa 1981 na kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya mwaka wa 1996, zote za Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam, ni kama jembe na panga kwake. Anayetaka nadharia na mbinu ataipata katika kitabu cha H. J. M. Mwansoko, Kitangulizi cha Tafsiri, cha mwaka wa 1996. Lakini vifaa hivyo havitoshi. Mtu hufasiri kuingia lugha anayoimudu vizuri zaidi, na lugha humudiwa kwa kusoma. Asiyesoma riwaya za Kiswahili atafasiri Kiswahili cha risala za mikutano.

UGALI WA MFASIRI

Najua mnasubiri habari za pesa. Mkono mtupu haulambwi! Mfasiri wa vitabu hulipwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni kwa idadi ya maneno. Ya pili ni kwa fungu moja walilopatana. Ya tatu ni mrabaha, yaani sehemu ndogo ya bei ya kila nakala inayouzwa. Wako wanaochanganya, wakapewa fungu kidogo na mrabaha kidogo.

Tufanye hesabu ya darasani tu, si bei ya soko. Mfasiri wetu akilipwa shilingi mbili kwa neno, kitabu kile cha maneno 60,000 kitampa shilingi 120,000. Ukizigawanya kwa miezi mitatu ni shilingi 40,000 kwa mwezi, kabla ya kodi, stima na intaneti. Sasa tuseme amekubali mrabaha badala yake. Kitabu kinauzwa shilingi 500 naye anapata asilimia tatu, yaani shilingi 15 kwa nakala. Ili afikie zile 120,000, lazima ziuzwe nakala 8,000. Nchini mwetu kitabu kilicho katika orodha ya shule kina wanunuzi kila muhula. Riwaya ya kufasiriwa isiyotahiniwa hutembea kwa mwendo wa kobe. Kwa hiyo mrabaha ni bahati nasibu, na anayeuchagua lazima awe na mlo mwingine.

Ndiyo maana wafasiri wengi wa kujitegemea wana kazi ya pili. Huyu ni mwalimu, yule ni mhariri, mwingine anafasiri fomu na matangazo. Kazi ya vitabu huifanya alfajiri au usiku. Taabu nyingine ni malipo kuchelewa. Mkataba ukisema fungu la mwisho litalipwa "kitabu kikichapishwa", na kitabu kikalala kwa mchapishaji miaka miwili, fungu nalo litalala. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Mfasiri mjanja hutaka iandikwe tarehe. Huweka pia daftari la kazi aliyopokea, aliyoikabidhi, alicholipwa na anachodai, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

HAKI ZAKE

Je, unaweza kuchukua kitabu chochote ukakifasiri na kukiuza? Hapana. Haki ya kufasiri ni ya mwenye kitabu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Achebe alifariki mwaka wa 2013, kwa hiyo kazi zake zinalindwa hapa hadi mwisho wa 2063. Ngũgĩ wa Thiong'o alifariki mwaka wa 2025, zake zitafika mwisho wa 2075. Za Orwell zilitoka katika ulinzi huo mwisho wa mwaka wa 2000. Upande wa pili, tafsiri nayo ni kazi inayolindwa. Orwell anaweza kufasiriwa upya na mtu yeyote hapa Kenya, lakini kunakili maneno ya Kawegere bila ruhusa ni jambo lingine kabisa.

Tena liko jambo la kutupa fahari. Mwezi wa Novemba 1976 mkutano mkuu wa UNESCO ulifanyika Nairobi, na hapo ndipo yalipopitishwa mapendekezo ya kimataifa juu ya haki za wafasiri. Yanasema mfasiri apewe ulinzi kama wa mtunzi, pawe na mkataba wa maandishi, na jina lake lionekane wazi katika kila nakala. Mapendekezo si sheria, lakini yalitoka katika mji wetu mkuu. Hebu angalieni vitabu vya maktaba yetu mwone ni vingapi vilivyoyatii.

Mambo yanaanza kubadilika. Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka wa 2021. Riwaya yake ya Paradise ilikuwa imetoka mwaka wa 1994, ila Waswahili walingoja hadi mwaka wa 2022 kuisoma kwa lugha yao, kwa jina Peponi, ikichapishwa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Mfasiri wake ni Ida Hadjivayanis, ambaye mwaka wa 2015 alikuwa ametoa Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Kitabu hicho cha Alisi kilikuwa na tafsiri ya zamani ya mwaka wa 1940. Usishangae kwamba kilifasiriwa mara mbili. Lugha hukua, na tafsiri huzeeka kama nguo.

NA MASHINE JE?

Utasikia mtu akisema, "Aa, siku hizi tarakilishi inafasiri yenyewe!" Ni kweli, programu za akili unde hutoa ukurasa mzima wa Kiswahili kwa dakika moja, na barua ya kawaida hueleweka. Wapo wachapishaji na mashirika yanayompa mfasiri kazi iliyokwisha kutafunwa na mashine, aisafishe kwa malipo madogo. Hilo ni tishio la kweli, tusilifunike.

Lakini mashine hujifunza kwa maandishi yaliyokwisha kuandikwa na watu. Kidawida, Kisagalla na Kitaveta vina maandishi machache mno. Itajifunzia wapi? Mwulize fighi ni nini. Sisi tunajua kwamba ni mahali patakatifu pa wazee wa Taita, mara nyingi ndani ya msitu, penye miiko yake. Ukiandika "msitu" tu, umeuondoa utakatifu. Ukiandika "hekalu", umejenga nyumba mahali pasipo nyumba. Mfasiri aliyelelewa Wundanyi ataliacha neno lenyewe, kisha atapanga sentensi zinazolizunguka mpaka msomaji wa Kisumu ahisi pale si mahali pa kukata kuni. Hiyo ndiyo kazi ya mtu.

SISI WA TAITA TAVETA

Nilisema tuna haja na kazi hii, nami sikutia chumvi. Nyanya anayezungumza Kidawida peke yake huenda hospitalini na mjukuu wa darasa la sita, naye mtoto ndiye anayemweleza daktari ugonjwa wa bibi yake. Mzee wa Kasigau akiletewa karatasi ya mradi wa hewa ya ukaa, au wa Mwatate karatasi ya shamba au ya machimbo ya vito, aghalabu lugha yake ni Kiingereza, na mahali pa kutia kidole gumba pako tayari. Kati ya kampuni "italipa" na kampuni "inaweza kulipa" ni mbali kama mbingu na ardhi. Anayemfasiria mzee huyo akiteleza kwa neno moja, ni kosa la shamba zima.

Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na inaitaka serikali iendeleze lugha za kienyeji. Maneno mazuri. Lakini katiba haifasiri mkataba wala haiandiki hadithi, lazima watu wafanye.

Na sisi tumeanza na mtaji. Mwanafunzi wa Voi huamka kwa Kidawida au Kikamba au Kitaveta, hununua mandazi stendi kwa Kiswahili na kufanya hesabu kwa Kiingereza. Tangu mmishonari J. A. Wray alipofika Sagalla mwaka wa 1883 na kuchapisha kitabu cha lugha ya Kitaita mwaka wa 1894, wageni ndio waliotangulia kuyaandika maneno yetu. Mpaka lini?

Kwa hivyo napendekeza jambo kwa mwalimu mlezi na wanachama wote. Likizo ya Agosti kila mmoja akae na babu au bibi, asikilize hadithi moja, aiandike kama ilivyosimuliwa, kisha aifasiri kwa Kiswahili. Mwenziwe aisome kwa sauti na kuikosoa. Zile zilizo bora zichapwe katika jarida la mwakani, lugha mbili ubavu kwa ubavu, na chini yake majina mawili: la aliyesimulia na la aliyefasiri. Itakuwa kazi ndogo, bila malipo. Lakini wahenga walinena, mwanzo kokochi, mwisho nazi.